Penye Nyota Nyekundu

Jumatatu walikuja watatu kutoka Dar,
kompyuta begani, viatu vyang'aa.
Wakatufundisha mpaka adhuhuri,
wakala wali wa nazi na changu,
basi la saa kumi wakapanda.
Waja leo, waondoka leo: hilo Tanga twalijua.
Kilichobaki ni Mfumo,
na mimi Sekiboko wa masjala,
na mafaili mia sita na kumi na mawili
yanukayo dawa ya mende.

Mfumo hauna salamu.
Wataka nywila kabla ya hujambo,
kisha wakufungulia visanduku juu ya visanduku,
na penye nyota nyekundu, ndugu yangu,
hapapitiki mpaka ujaze.

Nikaanza na walimu, maana wana vyeti.
Dakta Sheghembe: chetini ana *h*, mshaharani hana.
Mfumo ukasema hawa ni watu wawili.
Nikampigia simu. Akacheka:
"Basi uambie utulipe wote."

Profesa Mnkande tulimzika Korogwe mwaka juzi,
udongo mwekundu ukatuganda suruali.
Humu bado yu kazini,
ana siku themanini na nne za likizo, hajaziomba.
*Sababu ya kuondoka*: kustaafu, kuacha, kuachishwa, kifo.
Nikabonyeza ya nne.
Ukaniuliza: *Una uhakika?*
Nikaenda kwanza kunywa maji.

Ijumaa nikafika kwa wafagizi.
Bi Nyamvula wa bweni la pili:
faili nene kuliko la makamu mkuu wa chuo.
Ndani, barua mia moja na kumi na mbili
zimefungwa kwa uzi wa katani, zote maneno yale yale:
*kibarua, miezi mitatu*.
Ya kwanza ya tisini na sita. Ya mwisho, wino mbichi.
Nikaziingiza moja moja hadi adhana ya alasiri,
na ile mashine isiyojua haya wala heshima
ikajumlisha:
*Muda wa utumishi: miaka ishirini na minane.*

Wakuu wanne wamepita hapa, wote wasomi wa hesabu za watu.
Hakuna aliyejumlisha.

Wala mimi. Acha niseme, maana naandika peke yangu:
faili hili limewahi kupotea mara mbili.
Mhasibu alisema, "Lisionekane kwanza,"
nikalilaza chini ya taipureta,
na jioni ile nikafunga nyuma ya baiskeli
kikapu cha machungwa ya Muheza,
nikapanda nacho hadi Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Yalikuwa matamu. Nisiseme uongo.
Watu walinijia dirishani: "Sekiboko, nitafutie."
Nikajikuna kichwa, nikasema, "Kesho."
Nilikuwa mlezi wa karatasi
na mwizi wake.

Sasa hakuna ajaye. Likizo wanaomba kwa simu.
Nami sina mahali pa kuuficha Mfumo.

Nikamwita Bi Nyamvula, akaja na ufagio mkononi.
Nikamsomea ile miaka.
"Kwa hiyo nimeajiriwa?"
Nikamwambia kompyuta yasema hivyo;
ofisi ya juu imejibu, *Inashughulikiwa*.
Akaguna. Neno hilo analijua toka zamani.

Ikabaki nyota moja: tarehe ya kuzaliwa.
"Mwaka wa mvua," akasema, "ndilo jina langu."
Nikatafuta. Hakuna kisanduku cha mvua.
Mwaka tukaupata kwa kurudi nyuma
tokea kifungua mimba wake.
Mwezi akachagua Aprili, ndipo masika.
"Na siku?"
Akaegemea ufagio, akafikiri kuliko nilivyotarajia.
"Siku gani huwa mnalipwa nyinyi?"
"Tarehe ishirini na tano."
"Basi nilizaliwa hiyo."

Nikaandika.
Nyota ikazimika.